Seti Niliyomchagulia Frederick

Nauza spea za magari makubwa hapa Arusha, mwaka wa ishirini na sita sasa, na kama kuna kitu kinachonipandisha hasira ni mwanamume mwenye gari la maana anayeingia dukani kuuliza pedi za breki za mtumba. Gari ameliosha mpaka matairi yanang'aa, lakini ikifika kwenye breki anataka kilichokwisha kutumiwa na Mjapani. Wenyewe wana hoja yao. Wanasema bora orijino iliyotumika kuliko mpya ya kuigiza. Na mara nyingi, nikiri tu, wako sawa.

Frederick aliingia Jumamosi saa tatu asubuhi, akaniamkia vizuri, akaweka pedi moja ya zamani juu ya kaunta iwe sampuli. Ilikuwa imelika mpaka bati linaonekana. Ni Mmeru wa miaka arobaini hivi, anafanya kazi kwenye shirika moja na anakaa Njiro. Gari lake, VX nyeupe, ile ya zamani kidogo ya kuwasha kwa ufunguo, lilikuwa nje, na ndani yake mkewe Jackline na watoto watatu wanakula maandazi. Alinieleza wanapanda juu ya Nkoaranga, kitongoji cha mwisho kabla ya msitu, kumchukua mama yake mzazi. Bibi alipooza upande mmoja tangu Pasaka, na baada ya miezi ya kubembelezwa alikuwa amekubali kuhamia mjini. Alitaka pedi za mbele, mtumba wa Japani, maana ule mteremko wa kwao, alisema, si wa kufanyia majaribio.

Nikamshukia. Nilimuuliza kama mama yake naye ni wa mtumba. Jackline akacheka kule garini, na mimi nikipata mtu wa kucheka sinyamazi. Nikamwambia pedi iliyotumika hujui ilichemka mara ngapi huko ilikotoka, nikamwambia rahisi ghali, nikamwambia na diski zake zimechoka. Alikuwa ameshika seti ya mtumba mkononi, nzuri kabisa, nene, yenye maandishi ya kiwandani. Nilimnyang'anya. Nikatoa boksi la bluu chini ya kaunta na kulifungua mbele ya macho yake: pedi nne, bati limepakwa rangi nyeusi, hazina hata mkwaruzo.

"Hizi nakuhakikishia mimi," nikamwambia.

Kwa kawaida kila pedi naigonga kwenye ukingo wa kaunta kabla haijatoka dukani. Nzima inalia. Iliyoachia gundi inatoa sauti ya kibuyu kilichopasuka, na mafundi wa mtaani wananitania kwamba napiga ramli. Siku hiyo sikugonga. Nilikuwa nimeshinda ubishi, na mtu aliyeshinda ubishi haoni haja ya kukagua chochote. Fundi wa jirani alizifunga papo hapo, Frederick akalipa kwa simu, wakaondoka saa nne.

Haikupita nusu saa, mume wangu Ephraimu akaja kutoka karakana yake iliyo nyuma ya duka. Kazi yake ni kubandika lainingi mpya kwenye pedi za malori, yaani ile ngozi ngumu inayokamata diski, na anaifanya vizuri. Aliinama chini ya kaunta, akapekua, akainuka.

"Mama Angel, boksi la bluu lililokuwa hapa liko wapi?"

Nikamwambia nimeuza. Akakaa juu ya ndoo ya oili bila kuangalia kama ni safi.

Nyumbani kwetu boksi zuri halitupwi. Sukari yetu iko kwenye kopo la maziwa, hati ya kiwanja iko kwenye boksi la viatu, na mbegu za maharage ziko kwenye ndoo ya rangi. Ndivyo tulivyolelewa, mimi Machame na yeye Poli, na hakuna aliyewahi kutuona wajinga. Zile pedi zilikuwa za mteja wake wa Kikwe, naye ana VX kama ile. Alikuwa amezibandika upya, akazipaka rangi, akaziweka kwenye oveni gundi ikomae, na katikati umeme ukakatika. Akazihifadhi kwenye boksi zuri ili zisiingie vumbi, Jumatatu azirudishe motoni.

Nilimuuliza kama zitashika. Akasema kwenye tambarare zitashika tu, ila zikipata moto sana... Hakumaliza. Miaka yote hii nawauzia breki watu wa mlimani, najua mwenyewe mwisho wa sentensi hiyo. Mteremko ule ni wa kilomita nne. Dereva anakanyaga, anakanyaga tena, pedi inachemka, gundi inalainika, lainingi inabanduka, na mguu unakwenda mpaka chini bila kukuta kitu.

Sikumtukana Ephraimu. Wanaonijua wataelewa nilivyoogopa.

Namba ya Frederick nilikuwa nayo kwenye ujumbe wa malipo. Nikapiga, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga mara sita, mara saba. Nikaandika kwa herufi kubwa, USIENDESHE GARI, BREKI MBOVU, nikatuma, nikakodolea simu macho. Kimya. Mdomo uliponza kichwa, wanasema, lakini huu wangu ulikuwa umeponza vichwa vya watu wengine, na vitatu kati ya hivyo vilikuwa vya watoto niliowaona wanakula maandazi.

Bodaboda anayeegesha mbele ya duka anaitwa Sankale, Mwarusha, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, asiyependa maneno. Mimi nina miaka hamsini na minane na uzito ambao si lazima niutaje, na nilikuwa nimeapa kwamba sitapanda pikipiki hadi naingia kaburini. Nilipanda. Nikamwambia Nkoaranga, juu mpaka mwisho, na kwamba kuna watu watakufa kwa sababu yangu. Alinipa kofia yake ngumu.

Njia nzima mpaka Tengeru nilipiga simu kwa mkono mmoja, wa pili nimemkumbatia mwanamume wa watu bila haya. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo mwanamke mwenye akili timamu haahidi. Nilimwambia achukue duka. Nilimwambia achukue miguu yangu, nayo bado naihitaji. Nilikuwa namdanganya, nadhani, kwa sababu ningemwahidi chochote ili zile breki zisikanyagwe.

Tulipoacha lami na kuanza kupanda, gari jeupe lilitokea juu yetu, kubwa, linateremka kwa kasi. Nilipiga kelele, Sankale akageuza katikati ya barabara na kulifukuza kurudi chini, anapiga honi kama mwendawazimu. Tulilipata karibu na lami. Dereva akasimama kwa urahisi kabisa, akashusha kioo, mzungu mzee na kofia yake. Sikuwa hata na nguvu za kuomba radhi. Dakika kumi zilikuwa zimepotea, na kosa lote lilikuwa la macho yangu.

Kuanzia hapo, kila kona tuliyoikaribia nilifumba macho, kisha nikayafumbua kwa lazima nitazame ukingoni, kama kuna migomba iliyolala au udongo uliochimbuka. Kona mbaya kuliko zote iko karibu na juu, korongo liko upande wa kushoto unapoteremka na hakuna hata jiwe la kuzuia. Udongo ulikuwa salama. Baada ya hapo mvua ya usiku ilikuwa imeacha utelezi, pikipiki ikaanza kucheza, nikashuka na kupanda kwa miguu, kitenge mkononi, pumzi zinanikata. Kila nikisikia injini nilijua ni wao wanakuja.

Kilichowachelewesha ni chakula na maombi. Mmeru hamtoi mama yake nyumbani bila watu kula, na wakila lazima waombe, na kila mzee ana la kumwambia Mungu. Nilipofika uani, VX ilikuwa imewashwa, pua inatazama mteremko. Bibi Hanna, mama yake Frederick, amekaa mbele, amefunikwa blanketi, watoto nyuma na mama yao, magodoro juu ya keria. Frederick yuko kwenye usukani, macho amefumba. Watu kama thelathini wamezunguka gari, vichwa chini, na mzee wa kanisa ameweka mkono juu ya boneti anawaombea wasafiri.

Maombi hayakatishwi. Nimelelewa hivyo, na wao wamelelewa hivyo. Nilipita katikati yao nikiwasukuma, nikaingiza mkono kwenye dirisha la dereva, nikazima gari na kuchomoa ufunguo.

Mzee alinyamaza katikati ya neno. Mwanamume mmoja alinishika mkono kwa nguvu, akidhani mimi ni mwizi au mgonjwa wa akili. Frederick alifumbua macho, akanitambua, na uso wake ukaonyesha kuchoka tu.

"Mama, niliona unapiga," akasema. "Nikajua unataka kuniuzia na diski. Ndiyo maana sikupokea."

Nilisema mbele ya watu wote. Nilisema pedi nilizomchagulia ni mbovu, gundi yake haijakomaa, nilimpa bila kuzikagua kwa sababu ya kujiona najua, na ile seti aliyoitaka mwenyewe ilikuwa nzuri nikamnyang'anya. Nilitaka kuongeza kwamba boksi lilikuwa la mume wangu. Nikaona haya, nikaacha.

Frederick hakuamini. Alisema amefunga breki kutoka mjini mpaka Tengeru, linasimama vizuri sana. Sankale, ambaye alikuwa amefika akisukuma pikipiki yake, hakubishana naye. Aliomba jeki na spana, akawaomba watu washuke, akafungua tairi ya mbele kulia na kuichomoa pedi ya ndani. Akatia ukucha kati ya lainingi na bati. Ukucha ukaingia. Akasukuma kwa kidole gumba, na ngozi nzima ikatoka, akabaki na bati mkono huu na lainingi mkono huu.

Jackline aliwavuta watoto wote watatu kifuani kwake, akaenda kukaa nao mbali na gari, karibu na mlango wa jikoni. Hakunitazama tena siku hiyo. Frederick alichukua vile vipande viwili, akavishika muda mrefu akijaribu kuvirudisha pamoja.

Nilimpigia Ephraimu, nikamwambia alete ile seti ya mtumba. Alifika saa nane kwa gari la kukodi, kijasho kinamtoka, akasalimia wazee mmoja mmoja, akasema mbele yao kwamba kosa ni lake. Nilizigonga pedi zote nne kwenye jiwe la uani. Zililia vizuri. Nikazigonga tena, na tena, mpaka mzee wa kanisa akaniambia inatosha, mwanangu. Ephraimu na Sankale wakazifunga.

Bibi Hanna alikuwa ameketishwa kwenye kiti barazani. Nusu ya uso wake haisogei, lakini jicho moja lilikuwa halibanduki kwangu. Frederick alifuta mikono kwa tambara, akaja akasimama mbele yangu.

"Sasa niambie wewe. Mama yangu apande?"

Zilikuwa pedi nzuri. Nilijua kwa masikio yangu, kwa vidole vyangu, kwa miaka yangu yote. Nilifungua mdomo niseme ndiyo, neno halikutoka. Neno ambalo nimewaambia watu kila siku, kabla ya chai na baada ya chai, bila hata kuwatazama usoni.

"Nipandishe mimi kwanza," nikasema.

Tuliondoka wawili. Ephraimu alitaka kupanda nyuma, Frederick akamkatalia kwa kichwa. Aliteremka taratibu, gia ya pili, nami nimeshika kishikio cha mlango kwa mikono miwili. Tulipofika kwenye ile kona mbaya alikanyaga breki. Gari lilisimama, pua chini, zito. Akazima injini. Akaitoa gia. Hakuvuta breki ya mkono. Tulibaki tumening'inia pale kwa mguu wake tu na kwa zile pedi.

"Tazama chini, mama."

Nilisema naona, twende. Akasema sijatazama. Kwa hiyo nikageuza shingo nikatazama kwa dirisha langu. Korongo lilikuwa refu kuliko nilivyoliona asubuhi. Chini kabisa kulikuwa na shamba la migomba, nyumba ya bati, kamba ya nguo, na mwanamke anaanika nguo za watoto, anainama kwenye beseni, anainuka, anainama. Angetusikia tukija, labda. Asingekuwa na pa kukimbilia.

"Mtoto wangu mdogo anakaa upande huo uliokaa wewe," Frederick akasema. "Hapo nyuma yako. Anapenda dirisha."

Nilitaka kumwomba msamaha, na badala yake nikalia, kilio kibaya cha mtu mzima, kamasi na yote. Hakunibembeleza, na sikustahili. Alikaa na mguu wake kwenye breki mpaka nilipomaliza. Kisha akawasha gari.

"Haya," akasema, "turudi tukamchukue mama."