Bega la Tani

Jeneza liliteremshwa kutoka kwenye lori la jeshi saa nne asubuhi, limepigwa misumari kumi na sita. Tani aliihesabu yote. Mtu aliyebeba magunia ya ghala miaka thelathini hutazama mshono kabla ya kutia bega.

"Naomba nimwone mwanangu," alisema.

"Halifunguliwi, mzee. Ni amri." Sajini alimnyooshea karatasi. "Weka sahihi hapa, kwamba umempokea."

"Nimpokee bila kumwona? Hata karani wa ghala, na wizi wake wote, hanipi gunia kwa mtindo huo."

"Baba, mwanao ni shujaa. Usimtie aibu."

Tani akatia sahihi. Wachukuzi wenzake watatu walikuwa wameshajipanga. Upara, ambaye hajawahi kunyanyua kitu bila utani, alijaribu uzito akaguna.

"Kijana aliondoka mwembamba kama ufito. Kumbe jeshini wanashiba!"

Wakalitia mabegani, wakaanza kushuka.

Nyumba ya Tani ilikuwa bondeni, chini ya ngazi ndefu za mawe. Walipokanyaga ya tatu, kitu ndani ya jeneza kikaanza kutambaa. Shaaa, taratibu, kikamjia Tani aliyekuwa mbele. Magoti yake yaliijua sauti ile kabla ya masikio. Sukari hugandamana. Maharage hupiga soga njia nzima. Mchanga humjia aliye chini, kimyakimya, kama mgeni asiyebisha hodi.

"Umesikia?" Upara alinong'ona.

"Nimesikia."

"Basi tutue, tuvunje!"

Kama hayumo humu, yuko wapi? Anapumua? Tani akageuza shingo.

"Afande, humu hamna mtu."

Sajini alishuka ngazi mbili, akainama sikioni mwake, sauti laini kama ya mkwe anayeomba radhi.

"Sema tena, baba, nisikie vizuri. Maana asiyekuwamo humu hakufa. Na asiyekufa, na kambini hayupo, ni mtoro. Mtoro tukimpata, risasi. Tusipompata, nyumbani kwao tumeshapaona. Sasa niandike nini, shujaa au mtoro?"

Jasho lilimwingia Tani machoni. Chini, mlangoni, mkewe alikuwa amejishika kiuno kwa mikono miwili.

"Baba watoto, kuna nini? Mbona mmemsimamisha mtoto juani?"

Upara alimtazama Tani. Tani akatazama mbele.

"Hakuna kitu, mke wangu. Ngazi zinateleza."

Mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima.

"Basi mwende polepole," mama alilia. "Angalieni kichwa chake!"

Wachukuzi wanne, waliozoea kubwaga mchanga kwa kishindo na matusi, wakapiga magoti wakaulaza uani bila sauti. Mama akalilalia jeneza, akaanza kuliuliza kama safari ilikuwa ndefu, kama alikula njiani. Juu ya ngazi, sajini akabana visigino, akapiga saluti.