Jenerali na Birika la Uwanjani

Hakuna kitu duniani kilichomkera Nurys Encarnación kama alama ya kidole. Mwaka mzima alichomelea, akapiga msasa na kung'arisha sanamu ya birika la kahawa, lile la pembe nane linalokoroma kwenye kila jiko la mji wa Baní, ila la kwake lilikuwa la chuma cha pua na lilimpita mtu mrefu mara mbili. Siku ya kulizindua uwanjani mbele ya kanisa alivaa gauni la njano, akashika kitambaa laini, akawa analizunguka kama mama mwenye mwali.

Watu hawakuja kutazama sanaa, walikuja kujitazama. Wanawake walijipaka rangi ya mdomo. Bibi mmoja alifungua kinywa achunguze jino.

"Bibi, usiguse jamani!"

"Sigusi, mwanangu, napumua tu."

"Hata kupumua kunaweka ukungu!"

Meya alipoanza hotuba, akatokea Don Cheché, jirani yake Nurys, na jogoo kwapani. Jogoo aliitwa Jenerali, na mji mzima ulimjua kwa woga. Kila alipopelekwa kupigana na majogoo wenzake aliruka ua, akafika nyumbani kabla ya bwana wake.

"Don Cheché, na kuku tena?" aliuliza Meya.

"Si mkaazi wa hapa? Naye aone."

Jenerali akaona. Ubavuni mwa birika alisimama jogoo mwekundu, anamkodolea macho. Jenerali akajikunyata. Na yule akajikunyata. Kumbe! Tangu aanguliwe hakuwahi kuonana na jogoo anayemwogopa yeye.

Alichomoka kwapani kama risasi. Ka! Ka! Ka! Mdomo na kucha juu ya chuma. Meya akakunja karatasi ya hotuba, maana hakubaki wa kumsikiliza.

"Mchane, Jenerali!" watu walipaza sauti.

"Kushoto! Kushoto!" alisikika padri, kisha akajikohoza.

Nurys akapasua umati. "Mtoe mnyama wako kabla sijamtia sufuriani!"

"Nimtoe leo?" Don Cheché machozi yalimlengalenga. "Miaka yote nachekwa kwa ajili yake. Mwache amalize, binti yangu, nakuomba."

Nurys aliinua mkono ampige jogoo, na hapo akamwona ndani ya chuma mwanamke mpana kama pipa, gauni la njano limefura, shingo imemtuna sawasawa na ya Jenerali. Kicheko kilimtokea puani kwanza. Akacheka hadi akaketi chini na kuliegemea birika kwa mgongo na viganja vyote viwili.

Jenerali naye alichoka. Aliinamisha kichwa apumue; mpinzani akainamisha chake. Basi akajihesabu mshindi, akampanda Nurys utosini, akawika. Uwanja ulilipuka kwa vigelegele.

Asubuhi iliyofuata Nurys alirudi na mashine yake kuondoa mikwaruzo. Alimkuta Don Cheché amewakusanya watu, anawaonyesha kwa fimbo.

"Hapa alimpiga teke la kwanza. Hapa yule aliomba radhi."

Nurys akaitazama mikwaruzo, akautazama uso wa mzee ulivyonawiri. Akaizungushia mashine waya wake.

"Haya, mlinzi wa birika langu. Jogoo mwenyewe yuko wapi?"

Don Cheché akamsogelea, akanong'ona watu wasisikie.

"Yuko uvunguni mwa kitanda changu tangu jana. Anaogopa yule jamaa atakuja kulipiza kisasi."