Nusu ya Habari Niliyopeleka kwa Amadi

Siku ya Jumapili paseli yangu, yaani ua wa nyumba yangu mtaani Kampemba, haifungwi mlango. Wanawake wanakuja na sombe zao, majani ya muhogo ya kutwanga, na habari za mtaa zinapitia kwangu kwanza. Mwezi huo binti yangu Yasmine, wa miaka kumi na moja, alikuwa ameazima kitabu shuleni: hadithi ya msichana aliyeuzwa kwenye msafara wa pembe za ndovu, akatoroka. Alisoma kwa Kifaransa, akatufasiria. Hata michi ilisimama.

Siku aliyomaliza, msichana alivuka mto na waliomfukuza wakabaki ng'ambo. Jirani yangu Falonne akapiga vigelegele. "Kimbia, mwana! Bakufe na hasira!" Mounira, fundi cherehani wa barabara ya pili, alijifuta macho kwa kitenge. Nami nililia, tena si kidogo.

Yasmine akafunga kitabu. "Maman, si iko kama ule bibi ya zamani ya ba yaya Souleymane? Ule ulisema balimununua?"

Souleymane ni mtoto wa Mounira; kwetu yaya ni mkubwa wako, wa kiume au wa kike.

Miezi miwili nyuma alikuwa amemposa binti ya kaka yangu Amadi. Kwetu, watu wa Maniema, posa haijibiwi kabla shangazi hajachunguza ukoo, na shangazi ni mimi. Nilizunguka, nikanywa chai za watu, nikarudi na habari: bibi ya mama yake Mounira alinunuliwa mtumwa kule Kasongo. Amadi akakataa. Mounira akaambiwa msichana bado anasoma. Lakini mtaani habari yenyewe nilikuwa nimeigawa kama karanga.

"Alima," Mounira akasema. "Kumbe sababu ya kukatala posa ni ile?"

"Yaya, mutoto anasema tu..."

"Anasema vile alisikia kwa mama yake." Machozi ya kitabu yalikuwa bado mashavuni. "Nakuja hapa kila Jumapili, nakula bukari yako. Bote mulijua?"

Falonne akainamia kinu.

"Ule wa kitabu munamupigia vigelegele," Mounira akasema, akatoka bila sombe yake.

Yasmine akanishika nguo. "Nimekosa, Maman?"

"Hapana. Miye njo nimekosa."

Jioni ileile nilikwenda kwa Amadi. "Kaka, ile habari ya posa, nilikosa."

"Ulinidanganya?"

"Hapana. Alinunuliwa kweli, mutoto mudogo. Lakini bazee balinipa habari nzima, miye nikakuletea nusu. Mwenye kumununua ni babu ya baba yetu. Ule tunajivuniaka jina lake kwenye arusi. Na ule mutoto alimutoroka."

Amadi akaweka kikombe chini. "Na Mounira anajua?"

"Sijui. Nitamwambia miye."

"Enda kwanza. Akikupokea, nitakuja nyuma yako kufungua posa tena."

Kesho yake asubuhi Mounira alikuwa kwenye mashine, mbele ya nyumba. Wateja watano kwenye benchi, wote nawajua, wote walikula karanga zangu. Mimi ambaye sijawahi kuchoka watu niliomba moyoni waondoke.

"Yaya, naomba tuingie ndani kidogo."

Hakuinua kichwa. "Ulipolisema lile, uliingia ndani kwa nani?" Akaondoa mguu kwenye mashine. "Sema hapa. Basikie."

Benchi lote likanigeukia. Nikaanza kwa kutaja jina la babu yule.