Daktali

Sista Modesta alikuwa na kicheko cha kusikika hadi getini, na wagonjwa wa wodi ya majeruhi walimpenda kwa hicho. Ndicho kilichomponza.

Siku hiyo aliletwa Ustadhi Nurudin, mwalimu wa madrasa kule Kirumba, aliyegongwa na bodaboda karibu na stendi ya Buzuruga. Alikuwa macho, anajibu vizuri, anatania hata kanzu yake iliyochanika. Daktari Chenge akaonya: "Damu ya kichwani ina unafiki, huvuja mgonjwa akiwa anacheka. Akibadilika chochote, niite." Modesta akaitikia. Kazi aliijua: mwite jina, mmulike macho, mwambie akubane mkono.

Mchana alipomrudia, macho yalikuwa sawa, mkono ulibana. Ila mzee akasema, "Sista, niitie daktali."

Daktali! Modesta akaangua kicheko. Yeye ni Msukuma wa Magu. Chuoni walimkejeli kwa "balabala" na "habali" zake mpaka akajifunza kuchunga ulimi. Leo kampata mwenzake! "Kumbe ustadhi ni wa kwetu! Na kanzu yote hiyo!"

"Daktali, sista. Halaka."

Lo! Modesta akazidi kucheka, hadi wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka naye. "Daktali anakuja jioni, mwanakwetu," akamjibu, akaenda zake kugawa dawa.

Jioni binti wa mzee, Bushra, akaja na chupa ya uji. Alimsikia baba yake sentensi moja tu, chupa ikamponyoka. "Sista! Baba haongei hivi! Huyu ametuchapa utoto mzima kwa ajili ya herufi ra!"

Modesta akaikimbilia tochi. Akamulika macho tena: mboni moja ilishaanza kutanuka. Akamwita Chenge mbio.

"Ulimi umekuwa mzito tangu lini?" daktari akauliza.

"Sasa hivi," Modesta akasema. Mungu wangu, uongo mwepesi ulioje!

Wakamfungua fuvu, wakaitoa damu. Mkono ukabaki na nguvu, akili ikatulia. Ulimi haukurudi. Madrasa akapewa mwingine, maana nani atampeleka mwanawe akafundishwe Kurani na ulimi usioweza kutamka ra? Na bado Bushra alimbusu Modesta mikono, eti ndiye aliyekisukuma kitanda mbio mpaka chumba cha upasuaji. Kila shukrani ilimchoma. Kicheko kikamwisha, wenzake wakadhani anaumwa.

Siku ya kliniki ustadhi akaja kwa miguu yake, akakaa kwenye benchi. Modesta akamsogelea. "Shikamoo, ustadhi."

"Malahaba."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Hapo Modesta akashindwa, machozi yakamtoka mbele za watu. "Ustadhi, nisamehe. Mimi sikukuokoa. Mchana ule niliisikia sauti yako imebadilika, nikadhani wewe ni Msukuma mwenzangu. Nikakucheka. Halafu nikamdanganya daktari."

Mzee hakushtuka.

"Najua, binti yangu," akasema polepole. "Kicheko chako nilikisikia chote. Nilikuwa nimelala pale nahangaika kulitamka vizuli lile neno moja, ili uache kucheka, uende ukamwite."