Kilichomhamisha Kiberiti

Mtu akikwambia dereva wa mbio za magari amehama timu kutafuta "changamoto mpya", mwombe akuonyeshe mkataba. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye kiti cha msoma ramani, daftari mapajani, helmeti inanibana masikio, na nimewaona madereva wakihama kama wapangaji. Msimamo wangu ulikuwa mmoja na niliusema popote, hata msibani: ni pesa. Mke wangu alikuwa na wake: ni jina. "Mwanaume mpe njaa," alikuwa akisema, "lakini mruhusu apige picha na wakubwa, atashiba." Tulibishana hivyo miaka nenda miaka rudi, kwa raha zetu, mpaka dereva wa kuhama akawa mdogo wake. Yaani shemeji yangu. Yaani dereva wangu mimi.

Tunamwita Kiberiti. Hasira hana, hizo ziko kwangu. Jina alilipata kwa sababu ukimgusa kidogo tu anawaka na kuondoka, na ukimtafuta utamkuta kilomita tatu mbele.

Kazi yangu wengi hawaielewi. Wanadhani nimekaa pale kulinda mkoba. Siku mbili kabla ya mbio tunaipita njia polepole, naandika kila kona kwa namba. Tano ni kona unayoipita bila kuomba ruhusa. Moja ni ile ya kuingia kwa adabu zote. Siku ya mbio naisoma ile njia kwa sauti, na dereva anaendesha kwa masikio, maana macho yake hayajafika bado. Nikikosea mstari mmoja, tunalala mtaroni wote wawili, halafu dada yake anatuuliza maswali.

Mwisho wa msimu uliopita zilikuja timu mbili kwa wiki moja. Ya kwanza ni ile tunayoiita Wakubwa: makombe kumi na moja, mahema meupe, mafundi ambao ovaroli zao zimepigwa pasi, kitu ambacho mpaka leo sijakielewa. Walimpa gari la pili, nyuma ya bingwa wao, na mshahara wa kukufanya uulize mara mbili. Msoma ramani wangempa wa kwao.

Ya pili ilikuwa ya kampuni ya magodoro. Mwenye kampuni alikuja mwenyewe gereji kwetu, akakanyaga oili na viatu vyake vyeupe na wala hakujali. Mshahara mara tatu wa Wakubwa. Gari la kwanza. "Na njoo na shemeji yako," akasema, akinipiga begani, "sisi hatutenganishi familia." Nilimpenda mzee yule palepale.

Nisifiche kitu: nilikitaka kiti changu. Nina miaka hamsini na miwili na mgongo unaolalamika kila asubuhi. Hakuna timu nyingine ambayo ingenipigia simu. Kiberiti akienda kwa Wakubwa, mimi basi, nimekwisha, nibaki kusoma magazeti kwa sauti sebuleni.

Wakubwa walitaka kwanza kumjaribu. Nikaalikwa kutazama, kwa heshima, kama wanavyoalikwa wastaafu. Kwenye kiti changu aliketi dada mmoja aliyewahi kufundisha hesabu, wote wanamwita Mwalimu. Walimpa daftari langu lenyewe, mwandiko wangu, namba zangu. Tulikuwa tunamsikia kupitia spika ya hemani. Alisoma vizuri mno, kama anasoma taarifa ya habari. Kilomita ya kwanza, ya pili, ya tatu, Kiberiti anaruka tu, na meneja wao anatikisa kichwa kwa furaha. Kilomita ya nne, nyuma ya kilima, Mwalimu akasoma, "Kushoto mbili, inajifunga." Yaani kona kali, na inazidi kubana ukiwa ndani. Kwa ufasaha kabisa. Kiberiti akaiingia kama vile ameambiwa tano, na gari likaenda kuketi mtaroni.

Hakuna aliyeumia. Nilikimbia mpaka pale, na mgongo wangu huu. Kiberiti alikuwa amekaa ukingoni, helmeti mkononi, akaniangalia akasema, "Mbona hakusonya?"

Nilidhani amegonga kichwa.

"Wewe kona ikiwa mbaya unasonya kwanza," akasema. "Ukisonya tu, mguu wangu unatoka wenyewe kwenye mafuta. Namba naisikia baadaye."

Miaka yote hiyo sikujua. Ninasonya kwa sababu kona mbaya zinaniudhi. Zinaniudhi kama watu wanaochelewa, kama milango isiyofunga. Kumbe ubaya wangu wa tabia ndio uliokuwa breki. Kichwa kilinivimba. Nilifika nyumbani nikamsimulia mke wangu nikiwa nimesimama, kwa mikono, nikaisimulia tena wakati wa kula.

"Kwa hiyo unaendesha wewe," akasema.

"Mimi sijasema hivyo," nikamjibu, na nilikuwa nimesema hivyo mara nne.

Meneja wa Wakubwa hakubabaika na ule mtaro. Alikuwa ameziona zile kilomita tatu, akasema mkataba uko mezani palepale. Mimi nikatulia zangu. Nani aende kule, kwa mshahara ule, na ametoka kuwaharibia gari? Nikafua nguo zangu za mbio, nikazianika mahali majirani wanaziona.

Jumapili Kiberiti akaja kwetu. Akakaa mezani, anazungusha funguo kidoleni.

"Shemeji, nimesaini."

"Magodoro."

"Wakubwa."

Mke wangu aliweka kijiko chini. "Kwa hiyo ni jina," akasema, ila hakusema kama mtu aliyeshinda ubishi wa miaka.

"Si jina, dada. Jina nalipenda, sitasema uongo. Na pesa za magodoro nimezilalia siku tatu, nimezigeuza huku na huku." Hakuna aliyecheka. "Lakini kule nitakuwa wa kwanza na hakuna wa kujipima naye. Kwa Wakubwa kuna bingwa. Gari lilelile, matairi yaleyale, njia ileile. Nikiwa mzembe, itajulikana kabla ya saa nne asubuhi."

"Na mimi?" nikauliza. Sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyopanga.

Alitazama meza. "Tangu siku ile ya mtaro silali vizuri, shemeji. Watu wananisifu, wananiita mwepesi. Nataka kujua kama anayeendesha ni mimi, au ni wewe."

Nikasonya. Sikukusudia. Na chini ya meza mguu wake wa kulia ukanyanyuka, wenyewe, sote watatu tukauona. Dada yake alicheka mpaka akashika tumbo, na sisi tukafuata, hatukuwa na namna. Kisha kicheko kikaisha, na yeye alikuwa bado amesaini.

Nilimchukia siku nne kamili. Nilimwita mtoto asiye na shukrani, nilimwambia dada yake kwamba nimemtengeneza mimi kwa mikono yangu. Siku ya tano Mwalimu akanipigia simu.

"Mzee, shikamoo. Naomba unifundishe kusonya."

"Marahaba. Amekutuma yeye?"

"Hapana. Hajui. Lakini mazoezini anakawia kuachia mafuta kwenye kona, nami naogopa."

Ningeweza kumfundisha. Ni kazi ya dakika kumi: ulimi hapa, meno pale, na moyo umfikirie mtu aliyekudhulumu. Ningekuwa bado ndani ya gari lile, msimu mzima, nimekaa nyuma ya meno ya mtu mwingine, na Kiberiti asingejua kamwe alichokwenda kukitafuta.

"Mwalimu," nikasema, "wewe soma unavyosoma. Unasoma vizuri. Mwache yeye ajifunze kusikia."

Kuyasema yale kuliniuma kweli, na nilimwambia mke wangu hivyo. Alinijibu kwamba ni mara ya kwanza ameniona nikikaa kimya kwa hiari.

Mbio za kwanza za msimu tulikwenda kama watazamaji, nyuma ya utepe, mimi na kigoda cha kukunja. Nilichagua kona nikiijua: kulia mbili, nyuma ya kilima, ambayo mwaka jana ilinitoa jasho. Bingwa akapita. Alipita kama mtu anayekwenda kazini. Baada ya dakika mbili nikausikia mngurumo mwingine unapanda kilima upande wa pili, unakuja kwa kasi isiyo ya heshima hata kidogo. Ukafika wakati wangu, ule ambao siku zote ningesonya. Nikauma midomo.

Mngurumo ukashuka. Kwa wakati wake, si mapema, si kwa kuchelewa. Gari likatokea, likageuka, likatumwagia changarawe miguuni, likaenda zake.

Mke wangu alikuwa na matokeo kwenye simu. "Bingwa, dakika kumi na moja na sekunde nane," akasoma walipomaliza. Akangoja. "Kiberiti, kumi na moja na tisa."

"Lile gari lao zuri," nikasema.

Aliendelea kuitazama simu.

"Gari zuri sana. Hata wewe ungepita."

"Bingwa naye analo hilohilo," akasema, taratibu, bila kuniangalia.

Nilikikunja kigoda, nikakikunjua tena, nikakikalia. Nilifurahi, na kitu kingine kiliniuma humohumo, na sikuweza kukitenganisha na ile furaha.

"Ni yeye," nikasema. "Muda wote huo alikuwa yeye."