Rangi ya Waya

Baba yangu alikuwa na tabia moja iliyonichosha kuliko kazi yenyewe. Kila akishika waya, hata ule alioushika mara elfu, aliuliza, "Hii rangi gani?" Nami, nikiwa nimechuchumaa kando yake na bisibisi mkononi, nilijibu: kahawia, kijani, njano yenye mstari mweusi. Mwanzoni nilidhani ananifundisha. Baadaye nikaona ananifanya mtoto wa chekechea, na utu uzima wote huu.

Kabla yangu alikuwa mama. Siku zote alikaa karakanani kwenye ndoo iliyopinduliwa, na wateja walimtania kwamba anamlinda mumewe asiibwe na wanawake wenye pikipiki. Mama alicheka tu. Alipofariki, baba aliniita kutoka dukani nilikokuwa nauza simu, akaniambia, "Nafasi ya mama yako iko wazi." Watu walimwita Fundi Roho, kwa sababu pikipiki iliyokata roho kwa mafundi wengine ilifufukia kwake.

Sasa nilikuwa nimepata kazi kwenye karakana kubwa, ile ya vigae sakafuni na mashine inayosoma yenyewe kosa la pikipiki. Nilimwambia baba wakati wa chakula. Alimeza tonge, akanywa maji, akaenda kulala. Nilikasirika. Afadhali angenigombeza.

Asubuhi yake mkunga wa zahanati akaleta pikipiki yake. Ilikuwa inazima ghafla akikata kona, halafu inawaka tena kana kwamba haikufanya kitu.

"Jana imenitupa njiani na mzazi ananisubiri," alisema. "Fundi, nisaidie. Naihitaji leo hii."

Baba aliwasha injini, akageuza usukani kushoto, taratibu. Ikazima. Alifungua taa ya mbele, akachana utepe mweusi, akavuta fungu la nyaya shingoni mwa pikipiki, pale zinapopinda kila usukani unapogeuka. Mbili zilikuwa zimekatika ndani kwa ndani, ganda la nje likiwa zima. Alikata sehemu mbovu, zikabaki ncha nne hewani.

"Ukikosea hapa," alimwambia mkunga, "kompyuta iliyo chini ya kiti inaungua, na ile haitengenezeki." Kisha akanigeukia. "Hii rangi gani?"

Bado nilikuwa na kinyongo cha jana. "Si una macho, baba?"

"Nimekuuliza."

"Na mimi nimechoka kuulizwa. Unganisha."

Mkunga aliguna, akatazama pembeni. Baba alishika ncha moja, akaisogeza kwa mwenzake, akaiacha. Akashika nyingine, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza na kuigeuza. Ilikuwa kijani kabisa, na ile nyingine kahawia, mtoto angezitofautisha. Jasho lilimtoka usoni. Vidole ambavyo sikuwahi kuviona vikisita sasa vilisita, na macho yake yakaniomba.

Hapo nikaelewa kwa nini mama alikaa kwenye ndoo ile miaka yote.

"Hiyo kijani, baba," nilisema. "Mwenzake ni ule wa juu, kushoto kwako."

Aliunganisha bila kuniangalia. Pikipiki ikawaka, usukani ukageuzwa huku na huku, haikuzima. Mkunga alimwambia mafundi kama yeye wamekwisha duniani, na wakati wa kuondoka akanitupia jicho baya.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Tangu nizaliwe. Kijani, kahawia, nyekundu, kwangu zote ni tope. Zamani pikipiki ilikuwa na nyaya chache, nilizijua kwa mahali zinapokaa. Hizi za sasa..."

"Si kuna mita ya kupimia umeme?"

"Mita inataka nifuate waya mmoja mmoja mpaka mwisho wake. Mteja gani atasubiri?"

"Basi siendi huko."

"Utakwenda. Mama yako alimalizia maisha yake kwenye ndoo. Ya kwako sitaki yaishie hapo." Akafuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Ila mtu asijue. Niahidi."

Niliahidi huku nalia.

Siku hizi baba anaziba pancha. Wanaomletea matatizo ya umeme huwaambia mwili umechoka, waende kwingine. Wanasikitika, kisha wanakuja kwetu kwenye vigae. Juzi alikuja mkunga, taa yake ya breki ilikuwa haiwaki. Alinitambua kabla sijamsalimia.

"Mzee wako anaziba pancha juani," alisema kwa sauti, "na wewe uko hapa unapepewa na feni. Ulimjibu ovyo mbele yangu, ukaona haitoshi, ukamkimbia. Huna haya, wewe?"

Mafundi wenzangu waliacha kazi, wakangoja kusikia nitajibu nini.

"Sina," nilisema, nikainama kufungua taa.