Kitanda cha Ndani ya Gari

Muthoka alikuwa amemwambia seremala waziwazi: kitanda kiwe chembamba, cha mtu mmoja, maana gari ni la kukimbiza mizigo ya haraka Mombasa. Alipofungua mlango wa nyuma akakuta kitanda kipana, damu ilimchemka.

"Nani amekutuma ufanye hivi?"

"Mkeo, Mama Kioko. Alikuja na futi, akasema wewe hujigeuza sana usingizini."

Muthoka alirudi nyumbani amepanga ugomvi wote kichwani. Akamkuta mkewe mlangoni, viatu vya safari miguuni, thamosi ya chai mkononi.

"Mizigo itaingia chini ya kitanda, nimepima," alisema. "Ukilala huko barabarani, mimi huku silali. Basi twende tukalale wote."

Muthoka aliutafuta ule ugomvi, hakuuona. Akampokea thamosi, akamfungulia mlango wa mbele wa gari.